Njia ya Mkamwana

Babu yangu mzaa baba alizaliwa, akaoa, akazeeka na akafa kwenye kiwanja kimoja, huku juu, mtu ukitoka Lupepo ukaendelea kupanda. Lakini ungemuuliza ametawaliwa na nani, angekutajia mpaka chai ipoe. Alikuta machifu. Akakuta wilaya ya Rungwe ile kubwa, ya wakati watu wa ziwani na wale wa mpakani kule Mto Songwe, ambako ukivuka uko Malawi, walikuwa wanapanda milima siku nzima kuja kushtaki bomani Tukuyu. Kisha Kyela ikakatwa. Ileje ikakatwa. Tarafa zikapangwa, zikapanguliwa, kata yetu ikabadilishwa jina, kijiji kikaunganishwa na cha jirani halafu kikatenganishwa.

"Mimi sijahama hata siku moja," alikuwa anasema. "Wilaya ndiyo inayohamahama. Sijui inatafuta nini." Akishasema hivyo anacheka peke yake, anajifuta macho kwa upande wa koti.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ibighi, pale mjini Tukuyu, na nilifundisha jiografia. Kila mwaka nilichora ubaoni mipaka ya wilaya yetu kwa chaki: Mlima Rungwe huku, Mto Kiwira kule, Kyela chini, Ileje upande wa machweo. Nilikuwa nachora vizuri, najisifu mwenyewe, wala sikuwahi kujiuliza mstari kama ule ukishuka ubaoni ukatua juu ya migomba ya mtu inakuwaje. Nikija nyumbani Jumamosi babu ananichokoza: "Mwalimu, wiki hii tuko wilaya gani?" Tunacheka. Tulikuwa tunacheka sana zamani.

Sasa lazima nieleze kiwanja kilivyokaa, maana bila hilo hutanielewa. Nyumba ya babu ilikuwa katikati. Yetu, yaani ya baba na mama, ilikuwa kushoto kwake. Chemchemi ya maji ilikuwa kulia. Nyuma ya nyumba ya babu, kuelekea mlimani, ilianza migomba yake, migomba minene ambayo ukiingia mvua inakunyeshea hata ikiwa imeshakatika. Juu kabisa, mwisho wa migomba, ilipita barabara ya zamani, na ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba kubwa la chai. Ndani ya migomba, karibu na barabara ile, ndiko alikozikwa bibi. Sisi hatukuwa na makaburi ya mbali. Mtu wako unamzika kwenye migomba yako, unakata ndizi unamsalimia.

Babu alikuwa na ombi moja tu duniani. Pembeni mwa kaburi la bibi aliacha nafasi, hakupanda kitu, na kila magugu yakiota anang'oa mwenyewe. "Hapa ni kitanda changu," alisema. "Bibi yenu analala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango." Hakutaka jeneza la gharama wala watu wengi. Alitaka pale.

Jambo la pili la kueleza ni mama na babu. Kwetu mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Nikisema hamwoni sina maana ya heshima ya kuinamisha kichwa tu. Nina maana hakutani naye njiani, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hasemi naye, na jina lake halitamki. Akimsikia anakohoa mbele, anaingia kwenye majani na kuchuchumaa, anajifunika khanga kichwani hadi mzee apite. Na mzee naye hivyohivyo: akijua mkamwana yuko upande fulani, anageuza uso na kupita mbali. Vijana wa siku hizi wanacheka, na wengi wa kanisani waliiacha desturi hii zamani. Mama hakuiacha. Alikuwa anampikia babu chakula kila siku ya Mungu, chakula kinakwenda mikononi mwa watoto, bakuli linarudi, na maisha yote hakumjua yule mzee sura. Alimjua kwa kikohozi.

Sasa, kutoka kwetu kwenda kwenye chemchemi, njia fupi ilikatiza uwanja wa babu. Mama angepitaje uwanjani? Basi alipoolewa, msichana mbichi, alianza kuzunguka. Alipanda nyuma ya nyumba ya babu, akaingia kwenye migomba, akapita katikati, kati ya nyumba na kaburi, akatokea upande wa pili. Asubuhi maji, mchana majani ya ng'ombe, jioni maji tena. Wakaja wakamwana wengine, wake wa baba zangu wadogo, wakamfuata. Mbuzi wakafuata, sisi watoto tukafuata, wachuma chai wakaona kumbe kuna njia. Mvua ya Tukuyu haina mchezo, ikaichimba na kuubeba udongo wake. Mimi nilipopata akili njia ile ilikuwa pana, imezama mpaka kiunoni mwa mtoto, ina kingo mbili. Wakati huohuo barabara ya zamani ilikufa. Malori ya chai yalitengenezewa barabara nyingine upande wa pili wa kilima, na ile ya kwetu ikamezwa na matete na mianzi. Mgeni angepita juu yake asijue.

Babu hakuikanyaga njia ya mama hata mara moja. Akienda kumwona bibi alizunguka kwa nje kabisa, kupitia kwenye yale matete. Ilikuwa njia ya mkamwana, na mkwe hana shughuli kwenye njia ya mkamwana.

Ikaja ruksa, likaja soko huria. Mwanzoni tulifurahi, nani asingefurahi? Sabuni ilirudi dukani, mitumba ikafika hadi minada ya vijijini, ndizi zetu zikaanza kupakiwa kwenye malori ya watu wa Dar. Halafu mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Shamba la chai nalo likauzwa. Mwekezaji mwenyewe hatukumwona, tulimwona msimamizi wake na gari lake. Na kwa kuwa mnunuzi anataka kujua amenunua nini, wakaletwa wapimaji.

Walikuwa watu wa mbali, si wa milimani, wamevaa makoti ya baridi mwezi ambao sisi tuliuona wa joto. Walifika na mwenyekiti wetu wa kijiji, kijana aliyezaliwa malori yameshaacha kupita juu. Walikuwa na adabu, hilo sitawanyima. Walimkuta babu uwanjani amekaa kwenye kigoda chake, wakamwamkia, mkubwa wao akauliza: "Mzee, mpaka wa shamba la chai na kijiji ni barabara ya zamani, sivyo?"

"Ndiyo hiyo," babu akajibu. "Barabara ya zamani. Chai juu, sisi chini. Kila mtu anajua."

Akawapa maziwa ya mgando. Alifurahi kweli siku ile, aliniambia mwenyewe. "Wamekata Kyela hawakuniuliza, wamekata Ileje hawakuniuliza," alisema. "Safari hii wameuliza kabla ya kukata."

Wapimaji wakazunguka nyuma ya nyumba. Babu hakuwafuata. Angewafuataje? Nyuma ya nyumba ni njia ya mkamwana.

Na mama alikuwa huko huko, anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alisikia nyayo za wanaume. Akasikia na kikohozi cha babu, karibu sana, nyuma ya migomba michache tu, kwa sababu uwanja wenyewe ulikuwa hapo. Akadhani mzee yuko nao. Akatupa mzigo, akaingia kando, akachuchumaa na kujifunika.

Mpimaji akamwona. "Mama, samahani, hii ndiyo barabara ya zamani?"

Mama kimya. Angejibu nini? Kwamba hii ni njia yangu ninayopita kumkimbia baba mkwe, na yeye yuko hapo ananisikia? Hayo ni matusi. Hakuna mwanamke wa umri wake ambaye mdomo ungemfunguka.

"Mwacheni huyo," mwenyekiti akasema, "mkwewe yuko pale uwanjani." Maskini, desturi aliijua. Akaitazama njia, upana wake, kingo zake, akasema: "Ndiyo yenyewe. Kubwa namna hii itakuwa nini tena?"

Wakapigilia vigingi. Mama alivikuta baadaye vina rangi nyekundu kichwani, akadhani mradi wa mabomba ya maji hatimaye umefika. Akashukuru.

Tulikuja kujua siku vibarua walipoanza kukata migomba. Nilikuwa nyumbani, likizo. Tulisikia panga, babu akatoka na fimbo anapiga kelele kwa Kinyakyusa, maneno ambayo mimi mwalimu sikuwahi kumsikia akiyasema. Msimamizi wa shamba alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Alituonyesha vigingi. Kila kilicho upande wa juu wa vigingi ni cha shamba. Kaburi la bibi wasingeligusa, alisema, sisi si wanyama, mtakuja kulifagia mnapotaka. Lakini kuzika mtu mwingine humo, hapana. Wakikubali mmoja, kesho wataletewa kijiji kizima.

Babu akauliza mara moja tu: "Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee. Pole."

Babu akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Hakula siku ile.

Nikapanda na kushuka kwenye maofisi. Baba alikuwa mgodini Kiwira anachimba makaa, ruhusa anapata kwa shida, basi nikawa mimi. Kila ofisi ilinisikiliza kisha ikanielekeza kwa nyingine. Mwishowe, mkubwa wa wapimaji akakubali kuja tena, na alisema jambo la haki kabisa ukilisikia juujuu. "Mwalimu, wewe ulizaliwa ukaikuta njia. Nataka huyo mama unayesema ndiye aliyeianzisha asimame pale aniambie. Na mzee asimame pale pale athibitishe. Wakinieleza nikawaelewa, nang'oa vigingi."

Niliporudi nikamwambia mama. Aliacha kumenya ndizi. Alinawa mikono, akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia Ukristo haumkatazi mtu kusema na mkwe wake, akamwombea. Mama akarudi akasema, "Nitakwenda. Ila nisimame wapi, ndiyo sijui." Babu nilipomweleza, naye akauliza hilo hilo: "Tutasimama wapi?"

Siku ilipofika waliamua kila mmoja kivyake. Mama alisimama ndani ya njia yake, ametupa mgongo, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Babu alisimama juu kwenye ukingo, uso ameuelekeza kwenye chai. Katikati nikasimama mimi. Ukungu ulikuwa umeshuka, na yule mpimaji alikuwa anatetemeka kwenye koti lake.

"Mama, geuka tuongee."

Mama hakugeuka. Aliniambia mimi kwa sauti ndogo: "Mwambie hii si barabara. Ni njia ya maji." Nikasema.

"Kwa nini upite huku wakati uwanja uko wazi pale?"

Nikaanza kumweleza mimi badala ya mama, mpimaji akanikatiza kwa mkono. "Namuuliza yeye, mwalimu. Mzee, huyu mama ni nani wako?"

Babu alikohoa. Mama aliposikia kikohozi akainama zaidi. "Ni mtu wa kwangu," babu akasema, akiiambia chai.

"Mmewahi kuzungumza kuhusu njia hii?"

"Hatujawahi kuzungumza."

"Kuhusu njia?"

"Kuhusu kitu chochote."

Mpimaji akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi. "Mmekaa kiwanja kimoja umri wote huo, hamjawahi kuzungumza?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. "Sasa mzee, ulijuaje kuwa ni njia yake?"

"Kwa sababu sijawahi kuipita."

Hakuna jibu la kweli kuliko hilo. Sisi tuliokua pale tulilielewa mpaka kwenye mifupa. Mwenyekiti alilielewa, akainamisha kichwa, akajaribu kusema, "Mheshimiwa, mimi ndiye nilikosea, sisi huku tuna desturi..." Lakini yule bwana alishamaliza. Alikuja kutoka mahali ambapo mtu mkweli anakutazama machoni. Mbele yake walisimama shahidi aliyekataa kugeuka na shahidi aliyekataa kumtaja mwenzake. Kwake, hao walikuwa watu waliopanga uongo na kusahau kupanga vizuri.

"Barabara ya zamani ni hii," akasema. "Kule juu naona matete tu. Na mzee alikiri mwenyewe siku ya kwanza." Wakaanza kushuka kwenda kwenye gari.

Hapo ndipo mama alipopiga kelele. Sikujua kama ana sauti kubwa namna ile. "Ni yangu! Nimeikanyaga mimi, kwa miguu yangu hii, namkimbia huyu! Namkimbia huyu hapa!" Na alikuwa amegeuka, khanga imeanguka mabegani, mkono umenyooka kumwonyesha babu. Kwa mara ya kwanza alimwona. Babu alijifunika uso kwa viganja vyake viwili, vile ambavyo wanawake wetu wanafanya, akageuka na kuondoka kupitia kwenye matete, anajikwaa.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Walisikia, hawakusikia, sijui. Halikurudi.

Mama alijifungia ndani. Jioni akatoka macho mekundu, akapika ndizi na maharage, akaniambia nipeleke. "Asipokula," alisema, "nitajua." Nilipeleka kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu. Babu alilitazama lile bakuli. Akanawa, akala polepole, akala hadi akafuta kwa kidole. Akanirudishia na kusema, "Mwambie, ndaga fijo." Asante sana. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumtumia. Mama alipolipokea alikaa chini pale jikoni akalia, mimi nikalia, moto ukazimika.

Nimeshastaafu, na bado naugua hasira nikikumbuka. Soko huria halikutukuta tumelala, tulikuwa macho na tunafanya kazi. Lakini lilitaka kila kitu kisemwe kwa mdomo mbele ya mgeni, na sisi mambo yetu makubwa kabisa tuliyashika kwa kutoyasema. Nilirudi darasani nikachora ramani, chaki ikanivunjikia mkononi. Watoto wakacheka.

Babu hakukaa sana. Masika ya mwaka huo huo alianza kubanwa kifua. Wilaya nayo, ikihamahama kama kawaida yake, ikaja miaka mingi baadaye kumega Busokelo, lakini yeye hakuwepo kuuliza tuko wapi. Siku zake za mwisho hakutania tena. Alikuwa ananiuliza kama nafasi yake bado iko wazi kule juu, nami namwambia iko wazi, na ilikuwa kweli. Vibarua walipanda chai kuizunguka, wakaiacha.

Alipofariki baba alikwenda kwa msimamizi amevua kofia. Msimamizi alitoa pole, akatoa na sukari ya msiba. Ruhusa hakutoa.

Tukamzika upande wa chini wa vigingi, ambavyo sasa ni zege. Nafasi ilikuwa finyu, kwani uwanja ni mdogo, na chini kuna magimbi na maji yanatuama. Wazee wakachagua ukingo wa njia ya mama, upande wetu, mahali anapoweza kuwa karibu na bibi kadiri inavyowezekana. Ukisimama kwenye kaburi lake unaliona la bibi, kule juu katikati ya chai. Njia ya mama inapita katikati yao.

Baada ya msiba nilibaki nyumbani kidogo. Asubuhi moja nilimfuata mama kwenda chemchemini, nikashangaa. Hakupanda kwenye njia yake. Alishuka chini kabisa, kwenye magimbi, akawa anapenya kwenye majani yenye umande, miguu inazama kwenye tope, na miguu yenyewe ilikuwa ya bibi kizee.

"Mama, unakwenda wapi huku? Njia si ile?"

"Pale yupo," akasema.

"Mama, amekufa."

"Amekufa, sawa. Hajaacha kuwa mkwe wangu." Akaendelea kutembea. Nikamfuata. Majani yalikuwa yameanza kulala kidogo pale alipopita siku za nyuma, mstari mwembamba tu, kama mkia wa panya. Alinisikia ninavyokuja nyuma yake, napigapiga miguu kutafuta mahali pakavu. Akasimama. Akageuka akaniangalia na ndoo yake kichwani.

"Kanyaga ninapokanyaga mimi," aliniambia. "Usiipanue. Ukiipanua watakuja kuipima."